Mwalimu kaandika mwanangu ni "mtoto sugu": ni tusi au ni sifa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Kwenye ripoti ya muhula huu mwalimu wake wa darasa kaandika kwa mkono chini kabisa: 'Uwezo anao, ila ni mtoto sugu.' Basi, hakuna kingine. Nimesoma nikakosa usingizi maana sugu ninayoijua mimi ni ya majambazi na wadaiwa. Baba yake anacheka, anasema hiyo ni sifa, mtoto sugu ni mtoto komavu, kwani Sugu wa muziki si alijiita mwenyewe? Nikafungua kamusi nikakuta inaanza na ngozi, ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, ndo nikachanganyikiwa kabisa. Naomba unieleze, sugu ni tusi au sifa? Na kuna maneno gani mengine yanayokaribiana nalo? Nataka kwenda kumuona mwalimu ila sitaki nikagombane kwa neno nisilolielewa."

Marahaba mzazi mwenzangu, na pole kwa huo usingizi. Umefanya jambo la maana kuuliza neno kabla ya kumfuata mtu, maana hili neno limegombanisha wengi ambao wote walikuwa na haki, huyu kalisema kwa upande mmoja yule kalisikia kwa upande wa pili. Kwenye maana ya neno lenyewe, wewe na baba mtoto hakuna aliyekosea. Aliyekosea kidogo ni aliyeandika, na kosa lenyewe ni kuacha sentensi katikati. Nitafika huko, ila lazima tuanzie kwenye ngozi, kwa sababu kamusi haijakupoteza hata kidogo, imekupeleka mlangoni kabisa.

Angalia kidole chako cha kati cha mkono unaoandikia, pembeni, pale kalamu inapoegemea. Kama umesoma enzi za kunakili ubaoni kila siku, pana kijinundu kigumu hapo, ukikibonyeza unahisi ni kama kidole cha mtu mwingine. Hiyo ndo sugu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaepua sufuria kwa mikono mitupu, mimi nikijaribu napiga kelele, yeye ananigeuzia vitanga nione: chini ya kila kidole pana duara gumu la rangi ya nta, la mpini wa jembe na la mchi. Anasema "mikono hii imeota sugu mwanangu, moto unabisha hodi haufunguliwi." Angalia na kitenzi alichotumia, sugu inaota, ndivyo tunavyosema siku zote, kama vile jino linavyoota.

Sasa sikiliza inavyotokea maana siri ya neno lote iko hapa. Ngozi ikisuguliwa kwa nguvu na kwa haraka, mfano umevaa kiatu kipya ukatembea nacho kutwa nzima, haioti sugu, inatoa lengelenge, maji yanajaa, linapasuka unabaki na kidonda. Lakini ikisuguliwa kidogo kidogo, mahali palepale, siku nenda siku rudi, ngozi ya juu inaongeza kasi ya kutengeneza seli, seli hizo zinakufa zikiwa zimejaa keratini, yaani protini ileile ngumu ya kwenye kucha, na zinalaliana tabaka juu ya tabaka mpaka inakuwa kama ngao. Kwahiyo hamna mtoto mchanga mwenye sugu. Kila sugu unayoiona ina kitu kilichoisugua na ina muda kiliochukua, na hata ukisikiliza sauti za maneno yenyewe, sugua, msuguano, sugu, yote yamekaa nyumba moja.

(Nipitie hapa haraka kwa sababu kuna watakaosoma hii wakiwa na sugu za kweli miguuni: kama una kisukari, au unyayo wako una ganzi, usiikwangue wala kuikata mwenyewe kwa wembe, nenda kituo cha afya waiangalie, maana unaweza kujikata usihisi na kidonda hicho kikawa kazi kubwa kupona.)

Ukilichukua neno hilo kwenye ngozi ukampa mtu, au ugonjwa, au deni, linaondoka na habari yake yote: kuna kitu kimepita hapa mara nyingi, na sasa hakigusi tena. Ndo maana kila ukisikia fulani ni sugu jiulize swali moja tu, kasuguliwa na nini? Kama kilichomsugua ni shida, njaa, kejeli za watu, kazi za jua kali, na bado amesimama, basi anasifiwa. Kama kilichomsugua ni maonyo, ushauri, sheria au aibu, na bado habadiliki, basi analaumiwa. Baba mtoto kachukua upande wa kwanza na ana haki, Joseph Mbilinyi, yule aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 mpaka 2020, alibeba jina la Sugu kwenye muziki na hamna aliyedhani anajitukana. Wewe umechukua upande wa pili na una haki pia, kwa sababu ukweli ni kwamba kwenye matumizi ya kila siku, magazetini, kwenye matangazo, kwenye barua za ofisi, upande wa lawama ndo unaosikika zaidi kwa mbali.

Kuna jambo watu wanalichanganya sana hapa. Wanadhani sugu ina maana ya kubwa au baya mno. Hapana, sugu inahesabu mara, haipimi ukubwa. Mtu akiiba siku moja tu, hata angebeba fedha za benki nzima, huyo ni mwizi mkubwa lakini bado hajawa mwizi sugu. Yule anayeiba kuku, akafungwa, akatoka, akaiba kuku tena, huyo ndo sugu. Mdaiwa sugu sio lazima awe na deni kubwa kuliko wote, ni yule aliyekumbushwa mara tano na bado anapita kimya. Au chukua mlevi. Mlevi chakari ni wa jana usiku, hajui alifikaje nyumbani, lakini kesho anaweza kuamka mzima na asirudie tena maisha yake yote. Mlevi sugu unaweza kumkuta saa 4 asubuhi hajaonja hata tone, amevaa shati safi, na bado ni mlevi sugu.

Na kwenye magonjwa ni hivyohivyo. Maumivu sugu ya mgongo yanaweza yasiwe makali kabisa, ila yamekaa na yamegoma kuondoka. Hapa kuna kosa lingine ambalo natamani sana liishe kwa sababu linaumiza watu. Utasikia mtu anasema "mwili wangu umekuwa sugu, dawa hii hainikubali tena," alafu anabadilisha dawa mwenyewe au anakatisha dozi. Kwenye malaria, kifua kikuu na maambukizi ya bakteria, anayekuwa sugu ni mdudu, mwili wako hauhusiki. Vimelea vilivyonusurika kwenye dawa vinazaliana, watoto wao wanarithi ule uwezo wa kunusurika, mwisho dawa inapita juu yao kama maji juu ya jani la mgomba. Waliokua Tanzania wanakumbuka klorokwini na ile miwasho yake, iliachwa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 ikaja SP, yaani dawa ya sulfadoksini na pirimethamini, na 2006 ikaja dawa mseto, na sababu ilikuwa usugu wa vimelea. Mdudu sugu hata ukimhamishia kwenye mwili wa jirani yako ambaye hajawahi kumeza kidonge hicho, bado ni sugu. Ndo maana kumaliza dozi sio kwa faida yako peke yako.

Kwa upande wa sarufi halina shida, nalitaja tu kwa sababu siku hizi naona watu wanataipu "msugu" na "wasugu". Halibadiliki: mhalifu sugu, wahalifu sugu, tatizo sugu, matatizo sugu, magonjwa sugu. Ile hali yenyewe ndo inaitwa usugu.

Tuje kwenye maneno jirani uliyoyauliza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo silaha utakayoenda nayo kwa mwalimu.

Upande wa ngozi sugu ina ndugu wachache na watu wanawachanganya. Magaga ni ile ngozi ya kisigino iliyokakamaa ikapasuka nyufa. Kigaga ni ganda juu ya kidonda kinachokauka, kesho linadondoka. Kovu ni alama ya kidonda kilichopona, na linaweza kutokana na tukio moja tu, ndo tofauti yake kubwa na sugu. Kwahiyo mtu akikuambia moyo wake una kovu anakusimulia siku moja, akikuambia moyo wake umeota sugu anakusimulia miaka. Na ile alama ya weusi kwenye paji la uso la mtu wa sala za kila siku wengi wanaiita sijida. Nayo ni ngozi iliyoguswa na mkeka miaka na miaka, lakini ukiiita sugu mbele ya mwenyewe anaweza kujisikia vibaya, iite sijida.

Upande wa tabia ndo kuna mengi. Karibu kabisa na sugu kuna kukubuhu: mwizi aliyekubuhu, mwongo aliyekubuhu. Hili lina ukali kuliko sugu na halina upande wa sifa kabisa, sijawahi kusikia mtu amekubuhu kwa wema. Kuna kushindikana, "mtoto huyu ameshindikana", na hilo mimi nalichukia kwa mtoto wa umri wowote kwa sababu linamaanisha wakubwa wameshanyoosha mikono. Kuna haambiliki, ambalo ni la nyumbani zaidi, mama analisema akiwa amechoka na kesho anambembeleza mtoto huyohuyo. Kuna sikio la kufa, tunakata methali katikati na kila mtu anamalizia mwenyewe kwamba halisikii dawa. Kwa jambo, badala ya mtu, kuna donda ndugu, tatizo ambalo ukilitibu huku linachimba kule.

Alafu kuna maneno ambayo watu wanayatumia kama sugu na sio sugu. Mkaidi anakataa kufanya alichoambiwa, na anaweza kuwa mkaidi kwa mara ya kwanza leo asubuhi. Mbishi anafanya lakini kwanza mjadiliane. Mjeuri anakujibu vibaya, tatizo lake ni adabu. Mtukutu hatulii, mwili wake unataka kwenda, na utukutu wa mtoto wa miaka 9 mara nyingi ni nguvu zilizokosa kazi. Mtundu ni jina lenye tabasamu ndani yake, huyo ndo anafungua redio aone anayeongea yuko wapi, na hilo hilo tunampa fundi hodari tukitaka kumsifu. Kichwa ngumu ni la kuangalia sana, maana mwingine analisema akimaanisha mkaidi na mwingine akimaanisha haelewi masomo, na hayo ni mambo mawili tofauti kama usiku na mchana.

Na kuna yale ya uso na macho: mkavu wa macho, aliyekausha uso, huyo anafanya jambo la aibu huku anakutazama. Yeye ni sugu wa aibu peke yake, anaweza kuwa mwepesi sana kwenye mambo mengine, ukimsimulia habari ya msiba analia.

Ukitaka kusifu bila utata, sugu sio chaguo langu la kwanza kwa kuandika. Kuna mstahimilivu, mvumilivu, mkakamavu, mtu aliyekomaa, mwenye kifua, ngangari kama mnaongea tu. Shupavu nalo zuri ila lina ncha mbili kama sugu, kuna wazee wakisema "mtoto ana ushupavu huyu" wanamaanisha ukaidi. Siku hizi nasikia sana "uwe na ngozi ngumu", eti ili maneno ya watu yasikuumize. Silipendi, na sio kwa sababu ni geni, ni kwa sababu Kiswahili kilishamaliza hiyo kazi, tunaambiana gangamala, tunaambiana jipe moyo, na tukimsifu aliyefika huko tunasema maneno yao hayamshtui tena.

Sasa turudi kwenye ripoti. "Uwezo anao, ila ni mtoto sugu." Hilo neno dogo "ila" limeshakujibu, mwalimu hakusifu. Sifa kwa sifa tunaiunganisha na "tena" au "na", uwezo anao na ni mkakamavu. Ukiona "ila" ujue kinachofuata ni kasoro. Kwahiyo kwa maandishi haya, mama uko sahihi na baba hayuko sahihi, ingawa neno analolisema kweli lipo.

Lakini sio tusi. Na hapa ndo pale niliposema sentensi imeachwa katikati, kwa sababu kila sugu ina kilichoisugua na mwalimu hajakitaja. Sugu wa nini? Wa kuchelewa? Wa kuongea darasani? Wa kutomaliza kazi za nyumbani? Kaonywa mara ngapi, na nani, kwa njia gani? Neno lenyewe linadai kwamba kumekuwa na majaribio mengi, basi mwalimu aliyeliandika anapaswa kuweza kuyataja, na kama hawezi basi neno alilolitaka lilikuwa jingine, pengine mtukutu, pengine mkaidi, pengine alikuwa na ripoti 60 za kujaza usiku ule na kalamu ikashika neno la karibu. Hilo linatokea, nami nimewahi kujaza ripoti usiku, najua.

Naomba unisikilize kwenye hili moja kwa makini zaidi. Kuna sugu ya mtoto ambayo inatengenezwa na sisi. Mtoto anayefokewa kila siku kwa sauti ileile na maneno yaleyale, au anayechapwa kwa kila kosa dogo na kubwa, anaota sugu palepale anapoguswa, na hiyo ni kazi ya kawaida ya kujilinda, kama kile kidole chako cha kalamu. Ukiongeza kipigo unaongeza tabaka. Nimefundisha watoto ambao ukiinua mkono hawashtuki kabisa, wanakutazama tu wanasubiri uishe, alafu ukiwaita pembeni ukawauliza kwa upole jana ulilala saa ngapi, machozi yanatoka kabla hujamaliza swali. Chini ya sugu kuna nyama hai, bonyeza kwa nguvu ile sugu yako ya kidole utaona.

Na ngozi ina habari njema ambayo neno linaificha. Tukisema mtu ni sugu tunasema kama vile habadiliki milele, ila sugu ya ngozi msuguano ukikoma inalainika yenyewe, taratibu, wiki hadi miezi, zile tabaka zinapukutika. Mkulima akistaafu jembe mikono yake inarudi. Kwahiyo hata kama mwalimu kasema kweli kabisa, kwa mtoto wa miaka 9 hilo ni neno la muhula huu tu.

Ukienda usianze na "kwa nini umemtukana mwanangu". Peleka ripoti yenyewe, mwonyeshe ule mstari, muulize kwa utulivu: "Mwalimu, nimesoma hapa kwamba ni sugu, naomba uniambie ni jambo gani hasa ameonywa akarudia, na mmejaribu njia gani, ili na mimi nisirudie ileile nyumbani." Hilo swali linamheshimu na linamfanya aongee habari, sio hasira. Kama atasema "haitiki ninapomwita", au "namwambia kitu hafanyi mpaka nimsogelee", usirudi nyumbani kumkaripia mtoto, mpeleke kwanza akapimwe masikio, wapo watoto walioitwa wasiosikia miaka mizima na kumbe kweli walikuwa hawasikii vizuri, na macho nayo yaangaliwe kama anashindwa kunakili ubaoni. Kama atasema mtoto alikuwa msikivu alafu akabadilika ghafla, hiyo sio sugu tena, kumbuka lengelenge na kiatu kipya, kinachokuja ghafla kinatokana na msuguano mkali wa karibuni, basi kaa naye mwenyewe umuulize nani anamsumbua, njiani, shuleni au nyumbani, na kama hataki kusema tafuta mtu wa ushauri nasaha au mtu mzima anayemwamini.

Na mwisho wa mazungumzo una haki ya kumuomba abadilishe ule mstari, maana ripoti inakaa kwenye faili na mwalimu wa darasa la nne ataisoma kabla hajamuona mtoto. Kama ni kuongea darasani, aandike hivyo: "Uwezo anao. Muhula huu ameonywa mara kadhaa kwa kuongea wakati wa somo, tunaendelea kumsaidia." Maneno mengi kidogo kuliko sugu, ila baba, mama na mwalimu wote mtakuwa mmesoma kitu kimoja.